Ile minyororo ya juu si urembo: jibu kwa ndugu aliyeuliza kuhusu stima ya gurudumu la nyuma

Ndugu yangu wa Tororo, nimesoma swali lako na nimeangalia zile picha tatu mpaka nikacheka peke yangu, na si kwa ubaya, ni kwa sababu hiyo meli yako ya mfano iliyoinua mgongo kama paka aliyekutana na mbwa mimi nilishakuwa nayo, iko mpaka leo juu ya kabati kwa mama na paka mwenyewe ndiye anayelala ndani. Umeuliza vitu vitatu: kwa nini bodi, yaani mwili wa meli, imepinda katikati, kwa nini gurudumu linarusha maji kwenye sitaha badala ya kusukuma, na kwa nini usukani haushiki. Watu wawili wamekujibu ununue mota kubwa. Usinunue mota kubwa bana, mota kubwa itakuongezea uzito mkiani na huo uzito wa mkiani ndio ugonjwa wenyewe. Hiyo aina ya meli, stima inayosukumwa na gurudumu la vibao lililo nyuma, ni mizani inayoelea, kila kitu unachokiona juu yake kimewekwa pale kwa sababu kuna gurudumu zito linaning'inia nyuma nje ya bodi, na mpaka ulielewe hilo utabadilisha mota mpaka uchoke.

Mimi si injinia, ni fundi wa waya za nyumba hapa Jinja, nimezaliwa Walukuba kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako Mluo, Msamia, Mganda na Mlugbara wote wanaelewana kwa Kiswahili, kwa hiyo msinihukumu kwa ngeli. Nimetengeneza meli tatu za aina hii kwa mkono, ya kwanza ilikufa, ya pili inaelea lakini ina aibu zake, ya tatu ndiyo nitakayokuelezea. Na sikujifundisha peke yangu. Jirani yetu, mzee ambaye sasa amepita miaka themanini na kitu, alipokuwa kijana aliajiriwa Namasagali kupaka grisi kwenye stima za reli, enzi zile mabehewa yameandikwa EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Yeye hasemi meli, anasema stima, na mimi nimezoea hivyohivyo.

Kwa wasiojua, hadithi kwa kifupi maana inasaidia kuelewa umbo. Kutoka Jinja kwenda kaskazini Nile ina maporomoko, chombo hakipiti, kwa hiyo Waingereza walijenga kipande cha reli kutoka Jinja mpaka Namasagali kikafunguliwa 1912, pale mzigo unashuka kwenye treni unapanda stima, stima inateremka mto inaingia ziwa Kyoga inavuka mpaka Masindi Port, alafu malori yanachukua mpaka Butiaba kwenye ziwa Albert. Pamba ndiyo ilikuwa mzigo mkubwa. Sasa Kyoga si kama Victoria, kina chake cha wastani ni kama mita 3 tu, na limejaa mafunjo na mayungiyungi na visiwa vya majani vinavyotembea na upepo. Weka propela humo uone, dakika kumi imeshafungwa majani kama maandazi kwenye gazeti. Ndiyo maana stima za huko, akina Speke, Stanley na Grant, zilikuwa na tumbo bapa na gurudumu la mbao nyuma. Propela inataka maji mengi juu yake ndiyo ifanye kazi, gurudumu linataka tu maji ya kulowesha vibao. Na likiwa nyuma badala ya ubavuni, bodi yenyewe inatangulia kufungua njia kwenye majani. Mvua za 1961 na 1962 zilipokuja maji yakapanda bandari zikazama, safari zikaisha, na Namasagali pakaja kuwa shule.

Haya, meli yangu ya kwanza. Nilichukua picha mtandaoni za stima za Marekani na Kanada kwa sababu hizo ndizo zenye michoro mingi ya bure, hasa ile Klondike ya 1937 ambayo wameihifadhi nchi kavu pale Whitehorse, Kanada, bodi ya mbao urefu mita 64. Nikaona juu ya sitaha kuna milingoti mifupi mifupi, na juu ya hiyo milingoti kuna fito za chuma zimepita kutoka mbele mpaka nyuma kama waya za umeme, nikasema haya ni mapambo, pengine ni ya kuning'iniza bendera. Nikaweka uzi mweusi wa kushonea nikaugundisha kwa supa gluu. Ikapendeza kweli. Bodi ilikuwa plaiwudi ya milimita 3 chini, ubavu nimetumia kadi ngumu iliyopakwa vanishi, urefu sentimita 80, na juu nilikata mlango mkubwa wa kuingizia betri. Gurudumu nikalitengeneza kwa mvule, mbao nzuri, nikajiona fundi. Chini ya bodi vanishi nilipaka mkono mmoja tu kwa sababu nani ataona huko. Nikaiweka kwenye stendi yenye miguu miwili iliyokaa karibu karibu katikati, nikaiacha msimu mzima wa mvua.

Niliporudi kuitazama, ile nyuzi ya mapambo imekatika, na nilipovuta uzi wa kupimia kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma) katikati palikuwa pameinuka milimita 6.

Mtu wa hesabu ataniambia kitu kidogo huwa kigumu kuliko kikubwa, mfano mdogo haupindi kama meli yenyewe inavyopinda. Ni kweli kabisa kama mbao ni kavu na bodi imefungwa juu kama boksi. Lakini plaiwudi iliyokunywa maji, yenye shimo kubwa juu, ubavu wa kadi, na gurudumu la mvule linaning'inia sentimita kumi nje nyuma siku na usiku, hiyo itapinda tu, na picha zako zinaonyesha umefanya yaleyale manne.

Mzee alikuja jioni moja kuchaji simu yake, akaiona mezani. Hakusema neno kwanza. Akaishika pande mbili, mkono mmoja omo mwingine tezi, akainama akafunga jicho moja kama mtu anayechagua mbao dukani. Alafu akaniuliza, "Kijana, minyororo iko wapi?" Minyororo ndiyo jina lao la zile fito za chuma za juu. Nikamwonyesha ule uzi uliokatika. Akasema, "Hii ni ya kuanikia nguo." Sijawahi kusahau.

Akanieleza kwa baiskeli, yaani aligeuza baiskeli yangu kichwa chini pale uani. Maji, alisema, yanainua bodi kila mahali sawasawa, hayachagui. Lakini uzito haukai kila mahali sawasawa. Nyuma kuna gurudumu na mashine mbili, mbele kuna boila na kuni, katikati hakuna kitu cha maana, abiria na pamba tu ambayo mara ipo mara haipo. Sasa maji yanasukuma katikati juu, ncha mbili zinaanguka. Na bodi ni nyembamba kama rula kwa sababu ziwa halina kina, huwezi kuifanya nene. Basi unafanyaje, unavuta ncha kwa juu. Fito ya chuma inashika mbao za chini kule mbele, inapanda juu ya mlingoti, inapita juu ya mlingoti mwingine, inashuka inashika kule nyuma karibu na gurudumu. Ukikaza, ncha zinainuka na milingoti inakandamiza katikati chini. Akapiga spoku za baiskeli kwa ukucha, ting, ting, tong, akasema hii imelegea, rimu yako inacheza. Stima za mbao za zamani ndivyo zilivyokuwa, fito zina mahali pa kukazia, na bodi ikianza kulala mafundi wanakaza kidogo.

Kwa hiyo ya pili na ya tatu nimetumia spoku zenyewe. Hii ndiyo sehemu nataka uisome mara mbili kwa sababu sijaiona imeandikwa mahali. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote mwombe spoku zilizokatwa na nipo zake, yaani zile nati ndogo za kukazia spoku, hata kama ni mpya bei yake ni ya kikombe cha chai. Upande wenye uzi wa skrubu unaingia kwenye nipo, nipo inashikiliwa na kibati kidogo ulichotoboa na kukipigilia kwenye mbao ya chini kabisa ya bodi, upande mwingine unakunja ndoano. Hapo una fito inayokazwa kwa ufunguo wa baiskeli uleule. Fanya seti mbili, kushoto na kulia. Sasa angalia: mguu wa mlingoti USISIMAME kwenye sitaha. Upite kwenye tundu la sitaha ukanyage mbao ndefu uliyolaza ndani chini, kutoka mbele mpaka nyuma, mimi nilitumia mbao ya musizi unene wa milimita 8, maana ukisimamisha kwenye sitaha utakapokaza utatoboa sitaha na kidole chako. Na mlingoti wa nyuma uinamishe kidogo uelekee tezi, unavuta vizuri zaidi. Kaza robo mzunguko kushoto, robo kulia, pima kwa uzi, acha usiku mmoja, rudia. Usikaze yote siku moja, na usikaze upande mmoja ukasahau mwingine, utapata meli iliyojikunja kama chapati. Yako iliyopinda usiitupe, ilowanishe tumbo kwa kitambaa, iweke wima ncha zake mbili zikikalia vibao, weka tofali ndani katikati siku mbili, ikishakauka piga epoksi chini mikono miwili ndipo uweke spoku.

Uzito sasa. Kabla hujakata kitu, piga hesabu bodi yako itabeba gramu ngapi, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Yangu ni sentimita 80 kwa 17, nataka izame sentimita 2.2 tu. 80 mara 17 mara 2.2 ni kama 2,990, na kwa kuwa pembe zimechongwa chukua asilimia 85, unapata gramu 2,500 na kidogo. Basi. Hiyo ndiyo bajeti yako, kila kitu, bodi, betri, mota, rangi, hata yule mtu mdogo uliyemweka kwenye kibanda cha nahodha. Gramu 120 zikizidi imezama milimita moja zaidi. Ya kwanza yangu ilikuwa kilo 3.4 na nilikuwa najiuliza kwa nini maji yanaingia. Nina mizani ya jikoni pembeni na daftari, kila kipande napima kabla ya gundi, mke wangu anasema ni kama niko duka la dhahabu.

Na betri iweke MBELE, mahali boila lingekuwa. Wale wa zamani walifanya hivyo si kwa kupenda kutembea, boila mbele na mashine nyuma na bomba refu la mvuke katikati, ni kwa ajili ya mizani tu. Picha yako ya pili inaonyesha betri imekaa pale pale juu ya mota. Hapo ndipo maji ya sitaha yanapotoka, mkia umezama, vibao vya gurudumu vinaingia maji mara mbili ya kipimo. Kibao kinatakiwa kuzama upana wake wenyewe na kidogo sana juu, basi, kikiwa cha chini kabisa maji yafunike tu ukingo wake wa juu. Kikizama zaidi, kikiwa kinaingia kinapiga maji kwenda chini na kikitoka kinayabeba juu kama sepetu, nguvu yote inaishia kunyanyua maji na kuyamwaga kwa abiria. Sogeza betri mbele sentimita kumi na tano uone, nusu ya tatizo lako itaondoka kabla hujashika msumeno.

Nusu nyingine ni umbo la nyuma. Wewe umekata tezi mraba kama sanduku, na mimi ya kwanza nilikata hivyo. Nyuma ya sanduku maji yanazunguka tu hayana safari, gurudumu linachapa povu. Tumbo la nyuma lazima lipande taratibu, kwangu nimeanza kulipandisha sentimita 18 kabla ya mwisho, mpaka linapofika kwenye gurudumu liko karibu na uso wa maji, hapo maji yanateleza chini ya bodi yanafika kwenye vibao yakiwa bado yana nguvu.

Gurudumu lenyewe usiliogope. Chora duara kwenye plaiwudi, kwa bikari ileile bila kubadilisha upana tembea juu ya duara, zinaingia hatua sita kamili, gawanya kila moja katikati, una mikono kumi na miwili. Pigilia vimisumari kwenye huo mchoro uwe ndio kalibu, kila seti ya mikono unaijengea humo humo ili zote zilingane. Mimi nimetumia seti nne, mikono 48, na mbao yake ni vijiti vya muchomo, vile vya mianzi vya kuchomea nyama, vyepesi, vimenyooka, mia moja unavipata sokoni Ambercourt kwa pesa ndogo. Vibao nimepasua kwenye ubao wa kreti ya matunda nikasugua kwa msasa. Gurudumu zima na shafti yake gramu 210, lile la mvule lilikuwa zaidi ya 600. Mvule ni mti wa heshima lakini uache uwe mlango.

Vitu vya chuma vyote vimetoka kwenye printa moja iliyokufa. Ukienda Kampala pita Nasser Road au wale wa kuuza vyuma chakavu Katwe, tafuta printa mbovu ya kurusha wino, ndani kuna fito ya chuma iliyonyooka na kung'aa ambayo kichwa cha wino kinatembea juu yake, hiyo ndiyo shafti yako, kuna bushi zake, na kuna mkanda wa meno na puli zake. Mkanda wa meno ni muhimu. Mwanzo nilitumia mpira wa redio kaseti, ukilowa unateleza, mota inalia gurudumu limesimama kama mkwe. Mota ya printa yenyewe sikuitumia, inakwenda mbio mno. Nimetumia zile mota ndogo za njano zenye giaboksi wanazotumia wanafunzi kwenye roboti, kwa volti 6 zinazunguka kama mara 200 kwa dakika bila mzigo.

Hapo kwenye mwendo kuna kitu kizuri. Gurudumu la kweli linazunguka polepole, tuseme mara 20 kwa dakika. Ukipunguza meli mara 50 usiliache kwenye 20, litaonekana limekufa, lakini pia usilizidishe mara 50. Unachukua kipeuo cha pili, yaani kipeuo cha pili cha 50 ni kama 7, kwa hiyo 20 mara 7 ni 140 kwa dakika, na kasi ya meli unaigawa kwa hiyo hiyo 7. Ukifuata hivyo hata mawimbi yanayotoka ubavuni yanafanana na ya meli kubwa, ukipiga video karibu na maji mtu anaweza kudanganyika. Wewe nimehesabu kwenye video yako, lako linakwenda zaidi ya 400, hiyo si stima hiyo ni blenda.

Kuhusu vipimo, kama una picha tu huna mchoro, tafuta mlango au mtu aliyesimama wima kwenye picha. Mlango wa mita 2 kwa kipimo cha 1:50 ni sentimita 4. Hesabu milango mingapi inaingia kwenye urefu na una meli yako. Si kamili, picha zinadanganya kwa pembe, lakini inatosha.

Usukani. Umeweka mmoja nyuma ya gurudumu kama mtumbwi wa mashine, ndiyo maana haushiki. Stima hizi zina sukani mbili, tatu, hata nne, na zinakaa MBELE ya gurudumu, chini ya tezi. Nimeweka tatu za bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, zote zimefungwa kwa waya mmoja wa spoku zigeuke pamoja, zinavutwa na mota ndogo ya usukani. Ukienda mbele gurudumu linavuta maji kupita kwenye sukani. Ukirudi nyuma, na hapa ndipo utapenda, gurudumu linarusha maji moja kwa moja kwenye sukani, na meli inageuka kwa nguvu kuliko ikienda mbele. Mzee anasema mtoni nahodha akiogopa kona alikuwa anageuza mashine irudi nyuma, mto unamteremsha na yeye anachezesha mkia. Nilidhani ni maneno ya wazee mpaka nilipoijaribu.

Mikono ya krenki, ile inayokwenda mbele na nyuma ubavuni, nimeiweka ingawa haisukumi kitu, mota ndiyo inasukuma na mikono inafuata. Lakini ipange vizuri: krenki ya kushoto ikiwa juu, ya kulia iwe imelala, robo ya mzunguko kati yao. Kwenye stima ya kweli hiyo robo ndiyo uhai, kwa sababu pistoni ikifika mwisho wa safari haina nguvu ya kuzungusha, na mashine zote mbili zikifika mwisho pamoja meli inagoma kuondoka. Nimeona mifano ya watu, hata ya bei kubwa, krenki zote zimeelekea upande mmoja. Mzee akiona hivyo anageuza uso.

Umeuliza pia kama unaweza kuweka boila la mvuke la mkebe. Mimi nilitaka, nikanunua mpaka bomba la shaba. Nisikilize, usilehemu boila kwa ile risasi ya redio. Inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na siku maji yakiisha ndani moto bado unawaka, pale kwenye maungio hapatangoja. Boila linataka kulehemiwa kwa madini ya fedha, lina vali ya usalama, na linajaribiwa kwanza kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya lile utakalotumia, maji baridi kwa sababu yakipasua yanakulowesha tu, mvuke ukipasua unakuchuna. Mzee alivuta shati akanionyesha bega lake, mimi nikaenda kununua mota za njano.

Sitaha za juu, vibanda, dohani, hizo sina mengi, fanya kwa boksi la viatu na karatasi iliyopakwa vanishi, ziwe nyepesi maana uzito juu unaifanya ilale kwenye kila upepo. Dohani yangu ni karatasi iliyoviringishwa juu ya kalamu. Watu wanatumia mwezi kwenye madirisha na siku mbili kwenye tumbo, wenyewe wanajua.

Kujaribu usiende ziwani moja kwa moja, mawimbi ya Masese ni mlima kwa sentimita 80, na kusimama pembeni kwenye majani bila gambuti ni kutafuta kichocho. Sisi tulikwenda kwenye shimo la zamani la matofali nyuma ya mtaa, mvua ikinyesha linajaa, maji yametulia, kina cha kiunoni. Watoto walikuja kama thelathini. Mzee nikamletea kiti. Ilikwenda mbele vizuri, ikapiga kona, nikairudisha nyuma kwa usukani umekatwa wote na ikazunguka mahali pamoja kama inacheza, watoto wakapiga kelele, mmoja akaomba tumpakie panzi. Mimi najua nilikuwa nimevimba kichwa. Nikamgeukia mzee nisikie atasema nini.

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wa maji.

"Pini ya kulia inalia," akasema. "Umeipaka mafuta lini?"

Nilikuwa sijaipaka. Nikamtuma mtoto mmoja nyumbani akalete mafuta ya cherehani.